Mama mwenye biashara yake: hesabu masaa kabla hujahesabu wateja

Mi nashona nguo kwa oda, nyumbani, cherehani iko kona ya sebule. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa nikajiambia kichanga si analala mchana kutwa bwana, nitakuwa nashona akilala, basi nikapokea oda kama mtu asiye na mtoto. Mwezi wa pili nina nguo tisa zimechelewa, wateja wawili hawapokei simu zangu, na saa 8 usiku niko kwenye cherehani machozi yanatoka mguu unakanyaga. Nilichokuja kugundua baadaye sana ni kwamba sikuwa mvivu na mtoto hakuwa msumbufu, ila biashara nilikuwa nimeipima kwa masaa ambayo sina. Kila kitu hapa chini kimetoka hapo. We unaweza kuwa unauza vitu mtandaoni, unasuka, unafundisha watoto wa watu, unaandika, hesabu ni ileile.

Hatua ya 1: Kama bado una mimba, jiwekee likizo yako mwenyewe

Aliyeajiriwa ana sheria inayomsemea. Shirika la Kazi Duniani, mkataba wao namba 183 wa mwaka 2000, unasema likizo ya uzazi isipungue wiki 14, na ndani ya hizo wiki 6 baada ya kujifungua ni za lazima. Sisi tunaojiajiri mara nyingi likizo tunailipia wenyewe, na kama hujaiwekea pesa basi siku ya kumi unajikuta umeshika mkasi.

Fanya hivi. Mimba ni kama wiki 40. Tuseme umejua wiki ya 8, zimebaki 32. Ukitaka wiki 14 zote za kukaa bila kuingiza kitu, inabidi kila wiki uweke pembeni karibu 44 katika kila 100 unayoingiza, na hapo wengi wetu hatuwezi, tusidanganyane. Lakini wiki 6 zinahitaji kama 19 katika kila 100, yaani chini kidogo ya moja ya tano. Hiyo inaumiza ila inawezekana. Ukianza wiki ya 20 inapanda mpaka 30 katika 100, kwahiyo usisubiri tumbo lionekane ndo uanze. Iweke sehemu ambayo huwezi kuichota kwa kidole kimoja kwenye simu.

Na wateja waambie mapema. Mwezi mmoja kabla acha kupokea oda mpya zenye tarehe ngumu, maana mtoto haangalii kalenda, anaweza kuja wiki 3 kabla.

Hatua ya 2: Hesabu masaa yako ya kweli

Hapa ndo pa kukaa nako, usiruke. Chukua karatasi, siku 5 mfululizo, kila ukiketi kufanya kazi ya biashara andika umeanza saa ngapi na umekatizwa saa ngapi. Usijiongezee. Kama umeanza saa 4 na dakika 10 mtoto akaamka saa 4 na nusu, andika dakika 20.

Kwanini karatasi? Kwasababu kichwa kinadanganya. Kichanga wa miezi 0 mpaka 3 analala masaa 14 mpaka 17 kwa siku, ukisikia hivo unaona masaa yamejaa tele, lakini usingizi wenyewe ni wa vipande vipande. Alafu huyohuyo ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa saa 24. Sasa piga, kila kunyonya na kucheulisha na kubadilisha ikichukua dakika 40, mara 12, ni masaa 8 kamili! Hiyo ni ajira ya kutwa na bado hujafua. Kwahiyo mtu akikwambia "si unashinda nyumbani" we mchekee tu.

Akifika miezi 4 mpaka 12 usingizi wa jumla unakuwa masaa 12 mpaka 16 kwa siku pamoja na wa mchana, na hapo angalau mchana unaanza kuwa na mpangilio. Mwaka 1 mpaka 2 ni masaa 11 mpaka 14.

Baada ya siku 5 jumlisha, gawa kwa 5, kisha toa theluthi moja. Mi natoa theluthi kwa ajili ya homa, meno, mgeni, umeme, na siku ambazo mwili wenyewe umegoma. Kinachobaki ndo biashara yako. Mimi mara ya kwanza nilipata masaa 3, nikatoa theluthi yakabaki 2. Mawili! Nilikuwa napokea oda za masaa 7 kwa siku. Pale pale nikaelewa machozi ya saa 8 usiku yalikuwa yanatoka wapi.

Hatua ya 3: Kila kazi ipe muda unaoifaa

Kazi za biashara zote hazifanani. Kuna kazi za kichwa, zinazotaka utulivu: kukata kitambaa, kupanga bei, hesabu, kuongea na mteja mgumu. Kuna za mkono ambazo unaweza kuacha na kurudi, kama kupiga vifungo, kufungasha, kupiga pasi. Na kuna za vipande, dakika tano tano, kujibu meseji, kuposti picha, kuagiza uzi.

Kosa ambalo nimeliona kwangu na kwa wenzangu wengi ni hili, mtoto akilala tu tunakimbilia vyombo na meseji, alafu akiamka ndo tunataka kukata kitambaa. Geuza. Usingizi wa mtoto ni wa kazi za kichwa, basi. Vyombo vinaoshwa mtoto akiwa macho, tena anafurahi kusikia vinagongana. Mimi kwa ubishi nimewahi kukata gauni huku mwanangu kanishika mguu, nikatoa mikono miwili yote ya kushoto, kitambaa cha mteja, hakuna kingine dukani. Nililipa.

Ujanja mdogo unaosaidia sana: usiku kabla ya kulala andaa kitu kimoja tu cha kufanya kesho mtoto akilala, kiwe mezani tayari, kitambaa kimekunjuliwa, vipimo vimeandikwa. Maana usingizi wa dakika 40 ukipoteza 15 kutafuta chaki umebaki na nini.

Hatua ya 4: Bei ibebe masaa yako na ya anayekulelea

Wengi tunahesabu malighafi, tunaongeza kidogo, tunaita faida. Sasa fanya hivi kwa kila unachouza, chukua kama unauza kwa 100. Malighafi 45. Umeme, usafiri, mfuko, bando la intaneti, 15. Imebaki 40. Unaona nzuri eh? Haya hesabu masaa, lakini yote, pamoja na kumpima mteja, kuongea nae kwenye simu, kwenda kununua, kurekebisha alipodai imebana. Tuseme masaa 5. Ina maana saa yako moja ni 8. Na kama anayekaa na mtoto muda huo unamlipa 6 kwa saa, mkononi mwako imebaki 2. Mbili! Unamwacha mtoto na kuumiza mgongo kwa 2.

Ukishaiona hiyo namba una njia tatu, unapandisha bei, unapunguza masaa kwa kurahisisha bidhaa, au unaiacha kabisa. Mi niliacha kushona suti za watoto, zinapendeza jamani, ila zilikuwa zinakula masaa kama gauni la mtu mzima na watu hawako tayari kuzilipia hivo. Nikabaki na aina tatu za nguo ambazo mkono umeshazoea. Mama mwenye masaa 2 hawezi kuwa na katalogi ya vitu 20, na kiukweli hata mwenye masaa 8 sijui kama anaziweza.

Kama anayelea ni mama yako au mkweo na hamlipani, bado weka hiyo 6 kwenye hesabu. Siku akichoka au akisafiri bei yako isije ikaanguka nae.

Hatua ya 5: Wateja wajue sheria zako kabla hawajalipa

Tarehe unayodhani utamaliza, ongeza nusu ya muda. Unadhani siku 4, sema 6. Ukimaliza siku ya 4 mteja anakuona malaika, ukimaliza siku ya 6 umetimiza ahadi. Malipo ya awali yafunike malighafi yote angalau, hii haina mjadala, kwasababu mtoto akiumwa ukakwama wiki nzima usiwe umekwama na pesa yako mwenyewe.

Na uwe na meseji moja umeihifadhi kwenye simu, unaibandika tu. Yangu iko hivi:

"Habari dada, oda yako nimeipata. Itakuwa tayari Alhamisi ya wiki ijayo jioni. Naanza kukata nikishapokea nusu ya malipo. Meseji najibu saa 4 asubuhi na saa 3 usiku, nikichelewa kujibu katikati ya mchana niko na mtoto."

Mwanzo niliogopa kumtaja mtoto, nikiona watadhani siko siriasi. Wapo waliokimbia, wachache, na nilipowaangalia vizuri ndo walewale wa kupiga simu saa 5 usiku kuuliza imefika wapi. Acha waende. Simu yenyewe zima sauti ya meseji za biashara ukiwa unanyonyesha, maana kila ikilia hata usipoisoma kichwa kinaondoka.

Hatua ya 6: Tafuta wa kumwachia mtoto, na wa pili wa akiba

Hata kama unafanyia nyumbani, hata kama ni masaa 2. Kuna mtu atakwambia yeye aliweza bila msaada, sawa, ila mi sikuweza na sioni aibu.

Anza na majaribio ukiwa chumba cha pili, siku 3 au 4. Hapo utaona anavyombeba, kama anaangalia simu kuliko mtoto, mtoto akilia anafanya nini. Muandikie karatasi moja ukutani, saa za kula, dawa anazokatazwa, namba 3 za simu, hospitali ya karibu. Usimwambie kwa mdomo tu, mtu akipaniki anasahau. Mkubaliane pesa, siku ya kulipwa, na siku ya kupumzika, na umlipe kwa wakati kabla hata hujanunua uzi.

Wa akiba ni yule unayemuita mara moja kwa mwezi pale wa kwanza anaposhindwa. Mnaweza kubadilishana na mama mwenzako mwenye biashara, Jumanne anakaa na wako, Alhamisi unakaa na wake, bila kulipana. Hii imeniokoa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Na baba wa mtoto, kama yupo, usimwambie "nisaidie". Ukisema hivo kazi inabaki yako, yeye anakuazima mkono tu, alafu kila dakika anakuuliza nguo ziko wapi, maji ya moto kiasi gani. Mpe kitu kizima toka mwanzo mpaka mwisho. Kuogesha jioni ni kwake, pamoja na kutafuta taulo, pamoja na kujua sabuni imeisha. Wiki ya kwanza atamvalisha nguo nyuma mbele. Funga mdomo. Kweli, funga, nenda kashone, maana ukiingia kurekebisha umeichukua kazi tena na masaa yamekwenda.

Hatua ya 7: Kama unanyonyesha na unatoka

Shirika la Afya Duniani linashauri miezi 6 ya mwanzo maziwa ya mama peke yake, alafu chakula kinaongezwa huku unaendelea kunyonyesha mpaka miaka 2 au zaidi. Biashara haizuii hilo, ila inataka uzoee kukamua kabla. Anza kama wiki 2 kabla ya siku ya kutoka, mara moja kwa siku asubuhi, na mtoto ajifunze kunywa kwa kikombe au chupa akipewa na mtu mwingine, kwako atagoma anajua ziwa lipo hapo.

Kuhifadhi ni hivi: maziwa uliyokamua sasa hivi yanakaa mezani mpaka masaa 4 kama joto la chumba halizidi nyuzi 25, kukiwa na joto zaidi usifike huko. Kwenye friji siku 4, weka ndani kabisa sio mlangoni. Friza, ndani ya miezi 6 ndo bora zaidi. Yaliyoganda ukiyayeyushia kwenye friji yatumike ndani ya saa 24 toka yalipoyeyuka yote, na usiyagandishe tena. Mtoto akishaanza kunywa akabakiza, yaliyobaki mwisho wake masaa 2, yamwage, hata kama roho inauma. Kwahiyo hifadhi kidogo kidogo, mililita 60 mpaka 120 kila chombo, na andika tarehe. Kupasha weka chombo kwenye maji ya uvuguvugu, maikrowevu hapana, inapasha bila usawa na kumuunguza mdomo.

Hatua ya 8: Kona ya kazi na mikono midogo

Piga magoti uangalie kona yako kwa urefu wa mtoto. Mi nilipopiga magoti niliona pini 6 chini ya meza na waya wa pasi unaning'inia kabisa usawa wa mkono wake. Vitu viwili visogeze leo: betri zile ndogo za mviringo kama kitufe, zipo kwenye mizani ndogo, rimoti, vipimajoto, mtoto akimeza inaweza kuunguza koo ndani ya masaa 2, unakimbia hospitali hapohapo husubiri dalili. Na ndoo ya maji, ya kufulia, ya kuloweka, mtoto anazama kwenye maji ya sentimita chache tu. Dawa na rangi usiziweke kamwe kwenye chupa za soda.

Hatua ya 9: Pesa, kwa kifupi

Akaunti au laini mbili, ya biashara na ya nyumbani. Ujilipe kiasi kilekile kila wiki au mwezi hata kama kidogo, kisha nepi na mahitaji ya nyumba yatoke kwenye hicho ulichojilipa, maana nepi zikitoka moja kwa moja kwenye droo ya mauzo hutajua kamwe kama biashara inalipa au inakula mtaji. Daftari moja, mistari mitatu kila jioni: imeingia nini, imetoka nini, nani ananidai au ninamdai. Dakika 5. Ukiruka siku 3 usijaribu kukumbuka, anza upya leo.

Hatua ya 10: Siku mtoto anaumwa

Itakuja, na itakuja siku yenye oda kubwa. Amua leo ukiwa na akili, siku hiyo kinafanyika nini na kinaachwa nini. Kwangu vinabaki viwili tu: meseji kwa wenye oda za siku 3 zijazo, na kupokea mzigo ambao tayari uko njiani. Meseji nayo ipo imehifadhiwa:

"Dada, mtoto wangu anaumwa. Nguo yako badala ya Alhamisi itakuwa Jumamosi. Kama shughuli yako ni kabla ya hapo niambie sasa hivi nikutangulize."

Itume kabla hajakuuliza, hiyo ndo siri yote. Mteja anasamehe kuchelewa, ukimya hausamehi. Na mtoto wa chini ya miezi 3 akifika joto la nyuzi 38 au zaidi, acha kila kitu nenda hospitali, usimpe dawa ukasubiri kesho.

Wewe mwenyewe je? Machozi ya ghafla na hofu siku za mwanzo huwapata wengi na huisha ndani ya kama wiki 2. Yakipita hapo, au usingizi haupatikani hata mtoto akilala, au mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto yanakuja, mwambie mtu leo na uende kwa daktari, ni ugonjwa una tiba, kujipanga vizuri hakuutibu. Na ile kliniki ya wiki ya 6 usiiahirishe eti una oda.

Hatua ya 11: Hesabu tena kila miezi 3

Karatasi ya hatua ya 2 inapitwa na wakati haraka. Mtoto anaanza kutambaa, unapoteza saa. Anaanza kukaa na watu wengine, unapata saa. Watoto wengi karibu na mwaka mmoja na nusu wanaacha usingizi wa asubuhi na kubaki na mmoja wa mchana. Wangu alipoacha nilikuwa bado napanga oda kwa karatasi ya zamani, wiki mbili nachelewa sijui kwanini, mpaka nilipokaa tena na kalamu nikaona nimepungukiwa saa 1 na dakika 20 kila siku. Nikaondoa aina moja ya nguo kati ya zile tatu, nikabandika tangazo, nikajiandaa kwa malalamiko. Akauliza mteja mmoja tu, tena baada ya mwezi, na alikuwa anaulizia kama nina mabaki ya kitambaa.